Safari za baiskeli milimani: jikune ujipatapo

Mtu wa pwani na baiskeli ni marafiki wa tangu na tangu. Toka Vanga mpaka Kiunga, baiskeli humpeleka fundi kazini, mtoto chuoni, na muuza samaki mitaani akiwa na kapu lake nyuma kwenye karia. Wako wazee waliopita umri wa miaka 70 ambao hadi leo huipanda kwenda msikitini, wakiamkiana na watu mabarazani njia nzima. Hata hivyo, baiskeli hiyo waliyoizoea ni ya njia ya tambarare, na mwendo wake ni wa taratibu.

Siku hizi umeenea mtindo mwingine, nao ni wa kwenda likizo kwa baiskeli. Watu hukodi baiskeli zenye gia nyingi na matairi manene, humwajiri kiongozi anayeijua njia, kisha hupita misituni, makorongoni na milimani kwa siku moja, mbili au hata juma zima. Zamani mambo haya yalidhaniwa kuwa ya watalii wa Ulaya peke yao. Sasa vijana wa Mombasa, Malindi na kwingineko pwani nao wanayataka, wala si vibaya. Mwili hupata nguvu, macho huona nchi, na marafiki huzidi kujuana.

Lakini liko jambo moja linaloharibu safari nyingi. Aghalabu mtu huchagua kwa kutazama picha nzuri na bei nafuu, wala haulizi kama safari yenyewe inalingana na uwezo wake. Matokeo yake ni kulipa fedha za jasho lake, kisha akashinda kutwa akiisukuma baiskeli kwa mikono badala ya kuipanda. Mwingine hurudi nyumbani mkono umefungwa plasta. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na katika mchezo huu methali hiyo ni amri.

MCHEZO ULIKOTOKA

Baiskeli za milimani zilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini mwa mji wa San Francisco, walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu, nzito, zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, wakizipandisha juu ya milima na kuteremka nazo kwa kasi katika njia za vumbi. Mnamo tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza katika mteremko walioupa jina la Repack. Jina hilo lina kisa chake. Breki za baiskeli zile zilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma, nazo zilipata moto mwingi hata grisi ikaungua na kutoka moshi. Basi kila baada ya kuteremka mara moja iliwabidi waifungue breki na kuipakia grisi upya.

Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mpya iliyokusudiwa kazi hiyo hasa. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanzisha biashara ya kuziuza. Haikupita miaka 20 mchezo ukaingia katika Michezo ya Olimpiki, huko Atlanta mwaka 1996.

Jambo la kuzingatia katika historia hii ni kwamba vijana wale walikuwa wakiteremka milima ya kwao. Kila kona waliijua, kila jiwe walilifahamu, na walirudia mteremko ule ule mara nyingi. Mgeni anayefika asubuhi na kutaka kuteremka kama wao kabla ya adhuhuri hakuona ila mwisho wa kazi yao.

NJIA HUPIMWAJE?

Katika nchi ambako mchezo huu umekomaa, njia hutiwa alama kama vile bandari inavyotiwa maboya. Uingereza hutumia rangi: kijani ni njia nyepesi, buluu ni ya wastani, nyekundu ni ngumu, na nyeusi ni ngumu sana. Marekani hutumia rangi pamoja na maumbo. Duara jeupe ni kwa anayeanza kabisa, duara la kijani ni njia nyepesi, mraba wa buluu ni ya wastani, almasi nyeusi ni ngumu, na almasi mbili nyeusi ni kwa mabingwa peke yao.

Alama hizo hazibandikwi kwa kubahatisha. Wamarekani hupima upana wa njia, ugumu wa ardhi, ukali wa mwinuko na kimo cha mawe au mizizi isiyoweza kukwepwa. Njia ya duara jeupe huwa na upana wa kama mita 1.8, na ardhi yake ni ngumu na laini juu. Kwa wastani, katika kila mita 100 unazokwenda hupandi zaidi ya mita 5. Njia ya kijani hupungua hadi kama sentimita 90, na vizuizi vyake havizidi sentimita 5, yaani kimo cha vidole vitatu hivi. Njia ya buluu huwa na upana wa sentimita 60, na vizuizi hufikia sentimita 20. Njia ya almasi nyeusi huweza kuwa na upana wa sentimita 30 tu, sawa na rula ya mwanafunzi, na juu yake pana mawe yafikayo sentimita 38. Hebu fikiri, msomaji: uko kwenye mteremko, kijia ni chembamba kama rula, na mbele yako pana jiwe linalofika karibu na goti.

Katika milima yetu ya Afrika Mashariki njia nyingi hazina alama kama hizo. Utakalosikia ni neno la kiongozi tu: "Njia hii ni rahisi." Neno hilo halitoshi. Njia iliyo rahisi kwa mtu aliyelelewa Nyahururu si rahisi kwa aliyekulia Kibokoni, ambako mlima mkubwa kabisa ni ngazi za ghorofani. Kwa hivyo usitake kujua jina la daraja, taka vipimo vyenyewe. Na ukumbuke pia kwamba daraja huisifu au kuikemea njia, wala halimsemi mtu. Hapana aibu kuchagua kijani.

NGAZI ZA HAPA KWETU

Tukizipanga safari za karibu kama ngazi, twaweza kuanzia nyumbani. Msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa kama kilomita za mraba 420, nao ndio msitu mkavu wa pwani ulio mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Njia zake nyingi ni tambarare. Ugumu wake ni mchanga, maana gurudumu likizama mchangani miguu huchoka upesi, na asiyeweza kuushika usukani huanguka, ingawa huanguka mahali laini. Msituni mna ndovu, kwa hiyo usiingie bila kiongozi mwenyeji. Kwa mtu wa pwani anayeanza, hapa ni shule nzuri: hewa ni ile ile aliyoizoea na nyumbani si mbali.

Ngazi ya pili ni Msitu wa Karura, ndani ya mji wa Nairobi. Msitu huu una njia zinazozidi kilomita 50, na baiskeli za kukodi hupatikana papo hapo. Kuna kupanda na kushuka kwa wastani, kuna mizizi, na baada ya mvua kuna utelezi. Uzuri wake ni kwamba ukichoka, lango haliko mbali.

Ngazi ya tatu ni Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha. Jina hilo lina maana ya lango la Jahanamu, lakini lisikutishe. Ni mbuga iliyotengwa mwaka 1984, na ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya punda milia, twiga na swala. Nyati nao wamo, na hao hawana mzaha. Njia ni pana, ya vumbi na changarawe. Kutoka lango la Elsa mpaka penye korongo ni kama kilomita 8. Wengi huzihesabu hizo na kusahau kwamba za kurudi nazo ni 8, na kwamba wakati huo jua limekwisha panda na maji yamepungua chupani.

Isitoshe, Naivasha iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,900. Mtu aliyetoka Mombasa jana atashangaa kuona anahema kabla hajafika mbali, ingawa kwao ni hodari. Dawa yake ni kulala huko usiku mmoja, kisha kuanza kwa mwendo wa polepole.

Korongo lenyewe huingiwa kwa miguu, na hapo pana onyo kubwa. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya ghafla yaliwakuta matembezini watu waliokuwa ndani yake, na roho zikapotea. Mvua inaweza kunyesha juu ya milima, mbali na macho yenu, na maji yakafika kwa kishindo ilhali ninyi mnaliona jua. Kwa hiyo uliza kwanza kama korongo limefunguliwa, uliza habari za mvua, na kiongozi akisema "leo haturuhusiwi kushuka," usimvute wala usimhonge.

Ngazi ya nne ni milima kweli kweli: Taita kwa upande wetu, ambako kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208, na Usambara kwa upande wa Tanzania, juu ya Lushoto. Huko mtu hupanda kwa saa nzima bila kupumzika, kisha huteremka kwa muda mrefu hata mikono ikafa ganzi kwa kushika breki. Safari hizi zamfaa aliyekwisha kupita ngazi tatu za kwanza.

Ngazi ya tano ni Kilimanjaro. Iko njia ya Kilema ambako baiskeli huruhusiwa, nayo hupitia kituo cha Horombo kilicho katika kimo cha mita 3,720. Hapa adui si mawe peke yake. Kuanzia kama mita 2,500 mtu yeyote, hata mwanariadha, aweza kupatwa na ugonjwa wa kimo: kichwa humuuma, hupata kichefuchefu, na usingizi humruka. Maradhi yakizidi, dawa iliyo ya hakika ni kuteremka chini mara moja. Anayeyaficha kwa kuona haya mbele ya wenzake anaweza kufa.

JIPIME KABLA YA KULIPA

Kabla hujatoa hata shilingi, jipime nyumbani. Kwanza, je, waweza kuendesha kwa muda wa saa mbili mfululizo bila kushuka? Pili, waweza kusimama juu ya pedali, makalio yakiwa yameacha kiti, huku baiskeli inakwenda? Tatu, waweza kwenda polepole sana, kama mwendo wa mtu anayetembea, bila kuyumba wala kuweka mguu chini? Nne, waweza kushika breki zote mbili kwa kiasi, bila kuibana ghafla ya mbele ukarushwa kichwa mbele? Tano, wajua kubadili gia kabla ya kuufikia mwinuko?

Asiye na mlima karibu aweza kujaribu mpando wa kutoka Kombani kwenda Kwale, alfajiri wakati magari ni machache, akijihadhari na malori. Akifika juu pumzi imemwishia, ajue ngazi ya nne bado si yake. Ajizoeze juma kwa juma, miezi miwili au mitatu, naye ataona tofauti.

Kuteremka nako kuna elimu yake, na huko ndiko watu wengi huumia. Mwenye kujua huisawazisha miguu juu ya pedali, huinuka kitini, huurudisha mwili nyuma kidogo, hukunja viwiko na magoti, na macho yake huyapeleka mbele anakotaka kwenda. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Kama hujapata kufundishwa haya, chagua safari ambayo siku yake ya kwanza ni ya mafunzo.

MASWALI YA KUMUULIZA KIONGOZI

Kuuliza si ujinga. Swali la kwanza ni hili: kwa siku tutakwenda kilomita ngapi, na katika kilomita hizo tutapanda mita ngapi? Swali la pili sehemu yake ni muhimu kuliko ya kwanza. Kilomita 20 zenye kupanda mita 100 ni matembezi ya raha, bali kilomita 20 hizo hizo zenye kupanda mita 600 ni kazi ya mtu aliyezoea.

Uliza pia ardhi ikoje: ni mchanga, changarawe, mawe au matope? Uliza kundi lina watu wangapi, na viongozi ni wangapi. Kundi kubwa lafaa liwe na kiongozi mbele na mwingine nyuma, ili anayechoka asiachwe peke yake. Je, gari litafuata? Mtu akishindwa njiani atafanywaje? Nani ana sanduku la huduma ya kwanza, na hospitali iliyo karibu iko wapi? Baiskeli zina breki nzima, na za kimo gani? Helmeti zipo za kutosha kila mmoja? Ukiambiwa kwamba helmeti si lazima, tafuta kiongozi mwingine.

Kiongozi mwema naye atakuuliza wewe. Atataka kujua umri wako, mara ya mwisho ulipoendesha, na kama una pumu, kisukari au shinikizo la damu. Asiyeuliza lolote ila fedha, huyo anauza tikiti tu.

Na mkienda kwa kundi, kipimo cha safari ni yule aliye dhaifu kuliko wote. Haifai ndugu wakubwa kuchagua njia ya nyekundu kwa kuwa wao wanaiweza, halafu mdogo wao akakokotwa huku akilia. Kama uwezo umepishana sana, gawaneni makundi mawili asubuhi, mkutane kwenye chakula.

IBADA, MAVAZI NA CHAKULA

Muislamu ana mambo mengine ya kupanga mapema. Siku ya baiskeli ni ndefu, na adhuhuri na alasiri huingia mkiwa njiani. Mwambieni kiongozi tangu mwanzo kwamba mtasimama kuswali, ili aupange mwendo kwa hesabu hiyo na kuchagua mahali penye maji na kivuli. Mambo ya kukusuru na kujumuisha swala safarini, na ya kutayamamu maji yakikosekana, mwaulize masheikh wenu kabla ya kuondoka. Mkeka mdogo na chupa moja ya maji ya udhu si mzigo. Na likizo ikiangukia Ramadhani, ni afadhali safari ingoje Shawwal, kwa kuwa jua, kiu na mpando havipatani.

Kina dada nao wana haki yao ya kufurahi. Ila nguo yoyote iliyo ndefu na pana, iwe buibui au kanzu ya mwanamume, ni hatari karibu na mnyororo na magurudumu. Suruali pana iliyobanwa kifundoni, shati refu la kufika magotini na mtandio mwepesi uliofungwa vyema chini ya helmeti vyatosha kuleta sitara na salama pamoja. Wanaopenda kwenda wanawake watupu waulize kama kuna kiongozi mwanamke, na walifanye hilo kuwa sharti.

Kuhusu chakula, usingoje kufika. Uliza nani anapika na nyama imetoka wapi, au mchukue tende, mayai ya kuchemsha, mikate na ndizi. Naivasha mjini misikiti ipo, na wenyeji Waislamu wa huko watawaelekeza.

KAWIA UFIKE

Mabaharia wetu wa zamani waliyajua haya. Nahodha akikaribia bandari asiyoijua humchukua rubani, na rubani hutaka kujua kwanza chombo kimebeba nini na kimezama kiasi gani majini. Nahodha akiona haya kusema ukweli, chombo kitakwama mwambani ingawa rubani ni bingwa wa mabingwa.

Kiongozi wa baiskeli ndiye rubani wa mlima. Mawe anayajua, mvua anaijua, lakini miguu na pumzi zako hazijui mpaka umwambie. Mwambie bila kuongeza. Sema, "Mimi ni mtu wa tambarare, mlima sijaupanda," naye atakupeleka njia utakayoifurahia, na mwaka ujao utarudi kuomba iliyo ngumu zaidi. Njia ya almasi nyeusi haiendi popote. Itakungoja, nawe utaifikia mzima, mikono yako miwili ikiwa usukani.